"Simu Inakufa" au "Chaji Imekwisha"?



Mwaka huu mlezi wa chama chetu alinitaka niandike somo la lugha katika jarida hili. Wenzangu wamechagua ngeli, wengine methali na mashairi. Mimi nimechagua jambo dogo ambalo sote hulisema kila likizo: jinsi ya kumwambia mtu kwamba simu inaishiwa na chaji, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Najua wapo watakaocheka na kuuliza, "Hilo nalo ni somo?" Naam, ni somo. Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi usiku mmoja, na aliyeumia ni nyanya yangu.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2024, nikiwa kidato cha kwanza. Nilikuwa nimekaa majuma mawili Nairobi kwa binamu zangu. Hao binamu, Kiingereza kwao ni kama uji wa asubuhi. Simu ikikaribia kuzimika, wao husema: "I'm dying! I'm at two percent!" Siku ya kwanza nilipowasikia niligeuka kuangalia ni nani anayeugua. Kufikia juma la pili na mimi nilikuwa nasema vivyo hivyo, tena nikijiona mjanja wa mji.

Siku ya kurudi nyumbani Bumala, kaunti ya Busia, nilipanda basi la usiku. Nyanya alikuwa ameniagiza nimpigie simu nikifika Nakuru. Usingizi ukanichukua, Nakuru ikapita. Nilipoamka tulikuwa Salgaa. Anayeijua barabara ile analijua jina hilo. Ni mahali ambapo ajali zimeua watu wengi, na mzazi mwenye mtoto safarini hulisikia kwa hofu. Usiku huo hapakuwa na ajali yoyote. Malori yalikuwa yamepanga foleni, basi letu likasimama nyuma yao, basi. Nikatoa simu, nikaona imebaki asilimia 2. Nikampigia Nyanya mbio mbio.

"Nyanya, tuko Salgaa, gari limesimama, simu inakufa..."

Papo hapo ikazimika. Nikairudisha mfukoni, nikalala fofofo mpaka Kisumu.

Yaliyotokea Bumala nilisimuliwa na dada yangu mdogo, aliyekuwa amelala kitanda kimoja na Nyanya. Mtandao ulikuwa mbovu, sauti ikikatikakatika. Nyanya alisikia maneno matatu tu: "Salgaa... gari... nakufa." Alipopiga simu yangu alijibiwa na ile sauti ya mwanamke tunayoijua sote, kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani. Akapiga tena. Mteja. Akapiga mara ya tatu. Mteja.

Usiku wa manane Nyanya alijifunga leso, akachukua tochi, akaenda kumwamsha mjomba wangu ng'ambo ya kijito. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa telezi. Akateguka kifundo cha mguu. Mjomba akatafuta bodaboda, wakaenda kituo cha polisi kuuliza kama kuna habari za ajali. Hapakuwa na habari. Walikaa kwenye benchi mpaka alfajiri, Nyanya akiomba kwa sauti ya chini, mguu umevimba.

Mimi niliteremka saa moja asubuhi nikiwa na mkate na majani chai ya zawadi. Nikakuta watu wamejaa uani kwetu. Nyanya aliponiona hakusema kitu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia tangu Babu alipozikwa.

Baadaye, mguu wake ukiwa kwenye karai la maji ya chumvi, ndipo aliponiuliza, "Ulisema unakufa. Ulikuwa unakufa na nini?"

"Si mimi, Nyanya. Ni simu."

"Simu hufa?"

"Chaji ndiyo ilikuwa inaisha."

Akanitazama kwa muda. "Sasa si ungesema hivyo, mjukuu wangu. Mtu hufa. Ng'ombe hufa. Chaji huisha."

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wangu wa Kiswahili kisa hiki. Hakucheka. Alichukua chaki, akaandika sentensi yangu ubaoni, tukaanza kuichambua. Somo linalofuata limetokana na siku hiyo, pamoja na msaada wa mwalimu wetu wa Kiingereza.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Kosa la kwanza ni la kiambishi. Tazama maneno haya mawili:

inakufa: i + na + kufa (hiyo simu)
nakufa: mimi

Tofauti yake ni irabu moja tu, "i". Kiswahili hubeba mtendaji kwenye mwanzo wa kitenzi. Mwanzo huo ukimezwa na mtandao mbovu, mtendaji hubadilika, na sentensi inabaki kuwa nzima kabisa. Ndiyo maana Nyanya hakushuku kwamba kuna kitu kilichopotea. Alisikia Kiswahili sanifu kisicho na ila: nakufa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Hata kama mtandao ungekuwa safi, nilikuwa nimetafsiri neno kwa neno. Waingereza na Wamarekani husema "my phone died" wakiwa na maana kwamba chaji imekwisha. Ukiichomeka kwenye umeme, "inafufuka". Kwetu sisi, chombo kikifa kimeharibika. Ukisema "redio imekufa" au "gari limekufa", msikilizaji hafikirii chaji wala petroli. Anafikiria fundi. Kwa hivyo "simu imekufa" kwa Kiswahili cha watu wengi ni simu ya kupelekwa kwa fundi, pengine ya kutupwa. Maneno ni yale yale, lakini kila lugha imeyapa mzigo wake.

Isitoshe, hata fundi wa simu atakwambia kuwa simu iliyozimika kwa kukosa chaji haijafa. Simu za siku hizi hujizima zenyewe kabla betri haijakauka kabisa, ili betri isidhurike. Inaposema 0 huwa bado ina akiba kidogo ndani. Imelala, haijafa.

SASA TUINGIE KWENYE KIINGEREZA

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba "my phone is dying" ni Kiingereza kibaya. Ni Kiingereza sahihi cha mazungumzo ya marafiki. Tatizo ni kuwa wengi wetu hatujui mipaka yake, na tukijaribu kukwepa hapo tunaangukia pengine. Yafuatayo ni makosa niliyoyasikia kwetu, mengi yakiwa yangu mwenyewe.

(a) "My phone is low battery."

Hili ndilo linaloongoza. Ukilichunguza, linasema kwamba simu ni betri ya chini! Simu si betri. Simu ina betri. Sema "My battery is low", au "My phone is low on battery". Hilo neno dogo "on" lisisahaulike. Ni muundo ule ule wa kusema gari ni "low on fuel" au jikoni wako "low on sugar", yaani kimebaki kidogo. Maneno "Low battery" peke yake yanafaa kwenye kioo cha simu, kama vile ubao wa barabarani unavyosema tu "Hatari". Mtu anayeongea huhitaji sentensi.

(b) "My phone has finished charge."

Hapa Kiswahili ndicho kinachotuponza. Tumetoa "simu imemaliza chaji" tukaivisha suti. Kiingereza husema "My phone has run out of charge", au "My battery has run out". Na kama simu ilikuwa kwenye umeme na sasa imejaa, sema "My phone has finished charging". Ona jinsi "finished charge" na "finished charging" zinavyokaribiana kwa sauti huku moja ikilenga simu tupu na nyingine simu iliyojaa! Mtu akikwambia hivyo asubuhi, hutajua umpe chaja au umpongeze.

(c) "My phone went off."

Hili lilinishangaza kuliko yote. Sisi husema hivyo tukimaanisha simu ilizimika. Mwingereza akisikia ataelewa kwamba simu ililia! Kengele ya saa hufanya hivyo asubuhi: "The alarm went off." Sasa fikiria mwanafunzi anayejitetea mbele ya naibu wa mwalimu mkuu: "Sir, my phone went off during assembly." Kumbe anataka kusema ilikuwa imezimika, na hapo ametoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, ikizingatiwa kwamba simu haziruhusiwi hapa shuleni. Sema "My phone switched off" au "My phone went dead".

(d) "I am charging."

Watu wataelewa, lakini sema kile unachokichaji: "I'm charging my phone." Kitenzi hiki kikiachwa peke yake kinaweza kuwa cha nyati anayekuja mbio kukushambulia: "The buffalo is charging!" Simu yenyewe unaweza kusema "is charging", hakuna neno.

(e) "Borrow me your charger."

Kwa Kiswahili neno "azima" hutumika pande zote mbili: mimi naazima kwako, nawe wakubali kuniazima. Kiingereza kimegawa kazi hiyo. Anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kwa hivyo: "Lend me your charger", au "May I borrow your charger?"

Aidha, kumbuka ngazi zake. "Low" ni imepungua, bado ipo. "Flat", neno wanalolipenda Waingereza, ni imekwisha kabisa. "Dead" nalo ni imekwisha, lakini pia laweza kuwa imeharibika isiponye. Ukiwa na muda wa kuongea, betri yako ni "low". Ikiwa kweli ni "dead", ulipigaje hiyo simu?

MANENO HAYA YALITOKA WAPI?

Mwalimu wa Kiingereza alitueleza jambo lililonifungua macho. "Charge" asili yake ni kupakia mzigo, kama mzigo wa mkokoteni. Baadaye likatumika kwa kuishindilia bunduki au mzinga baruti. "Battery" nalo lilikuwa safu ya mizinga ya vita. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyefanya majaribio ya umeme, ndiye aliyelichukua katika miaka ya 1740 akaipa safu ya vyombo vyake vya kuhifadhi umeme. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia akatangaza betri yake ya kwanza ya kemikali. Kwa hiyo Kiingereza kinaiona betri kama kitu kinachopakiwa mzigo na kupakuliwa.

Nyanya zetu nao walikuwa na jina lao. Betri za tochi na redio waliziita mawe. Nyanya hadi leo hunituma dukani nikanunue mawe mawili ya tochi. Mawe yakipungua nguvu huyaanika juani, na kweli tochi huwaka tena kidogo, kwa sababu joto huiamsha kemikali iliyobaki. Lakini mawe ya tochi yakiisha yameisha, hayajazwi tena. Betri ya simu hujazwa mara mamia. Ndiyo sababu nyingine ya kutosema imekufa.

NA KWA KISWAHILI TUSEMEJE?

Jambo la kufurahisha ni kuwa Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaa sawasawa na vile vya Kiingereza, ila tumevisahau:

"My phone is low on charge": Simu yangu imepungukiwa na chaji.
"My phone has run out of charge": Simu yangu imeishiwa na chaji.

Tazama uzuri wa kupungukiwa na kuishiwa! Mtu huishiwa na pesa, jiko huishiwa na makaa, simu huishiwa na chaji. Katika mazungumzo ya kawaida unaweza kufupisha: "Chaji imebaki kidogo", "Chaji inaisha", "Chaji imeisha" au "imekwisha".

Jihadhari na "betri iko chini". Hiyo ni tafsiri ya "low" iliyofanywa bila kufikiri. Kwa Kiswahili, kitu kikiwa chini kitafutwe chini. Nilimwambia dada yangu hivyo siku moja, akainama kuangalia mvunguni mwa kitanda.

Kuhusu "simu imezima", wengi wetu tunaisema na tunaelewana. Ila mwalimu hutukumbusha kwamba kuzima kuna mtendaji: mtu amezima taa, mtu amezima simu. Kitu chenyewe huzimika. Katika insha andika "simu ilizimika", utaepuka kalamu nyekundu. Tena kuna tofauti yenye maana hapa. "Alizima simu" ni alikusudia, hakutaka kuongea. "Simu yake ilizimika" ni bahati mbaya. Marafiki wangapi wamekosana kwa sababu ya tofauti hiyo?

Vilevile chaji ina maana mbili mitaani. Kule sokoni kwetu Nyanya huacha simu yake, ile ndogo ya mulika mwizi, kwa kinyozi mwenye umeme, na hulipa shilingi 20. Akiuliza "chaji ni ngapi?" kinyozi humjibu bei, na akiuliza tena baadaye humjibu asilimia. Ukitaka kuwa wazi, bei iite ada au malipo, na chaji uiachie betri.

Mwisho kuna lile neno letu, "mteja". "Nilikupigia ukawa mteja." Limezaliwa na ile sauti ya simu, na kila Mkenya analielewa. Mimi silipigi vita. Lakini kwenye insha halifai, na tangu usiku ule silisemi kwa kicheko. Kwa Nyanya lilikuwa neno la kutisha.

MPANGILIO WA UJUMBE

Somo lingine nililopata halihusu sarufi. Chaji ikibaki kidogo, maneno nayo ni machache, kwa hivyo yapangwe. Anza na lile ambalo likisikika peke yake litamtuliza msikilizaji. Mimi nilianza na Salgaa, nikaweka kifo mwishoni! Ningesema hivi:

"Nyanya, niko salama. Chaji inaisha. Nitafika asubuhi."

Maneno saba tu. Hata kama simu ingekatika baada ya yale matatu ya kwanza, Nyanya angelala. Kwa Kiingereza nako ni vivyo hivyo: "I'm safe. My battery is low. I'll arrive in the morning."

ZOEZI

Sahihisha sentensi zifuatazo, kisha tazama majibu.

1. My phone is low battery, borrow me your power bank.
2. I could not answer because my phone went off. (Ilizimika.)
3. Simu yangu betri iko chini.
4. Mama, nakufa, niko asilimia tano!
5. My phone has finished charge since morning. (Haina chaji tangu asubuhi.)

Majibu:

1. My phone is low on battery. Please lend me your power bank.
2. I could not answer because my phone had switched off.
3. Simu yangu imepungukiwa na chaji.
4. Mama, niko salama, ila chaji imebaki asilimia 5.
5. My phone has been out of charge since morning.

Ukipata yote matano, hongera. Ukikosa la nne, tafadhali rudia somo zima kabla hujafunga safari.

TAMATI

Mguu wa Nyanya ulichukua majuma matatu kupona. Hakunikasirikia hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Likizo iliyofuata nilipokuwa nikiondoka alinipa mayai ya kuchemsha na chapati. Basi lilipoanza kuondoka simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, amesimama pale pale kituoni, namwona kupitia dirishani.

"Mjukuu wangu, una chaji?"

"Ninayo, Nyanya. Imejaa."

"Haya. Ikiisha, uniambie imeisha."

Basi nami nawaachia ninyi neno hilo hilo, wasomaji wenzangu. Tujifunze Kiingereza na tukiseme vizuri, lakini tusikitafsiri neno kwa neno kwa mtu anayetusubiri nyumbani.

Kiswahili kitukuzwe!